Jiwe la Saa Tisa

Wifi yangu Regina ana kilema kimoja ambacho hakuna dawa yake: anapenda kuwa sahihi. Ukibishana naye juu ya chumvi ya mboga, atakufuata mpaka kisimani kukuonyesha kwamba yeye ndiye aliyesema kweli. Mimi ni Marselina, nimeolewa na kaka yake, na wifi akikuudhi huna pa kumshitaki, kwa hiyo nimemvumilia miaka yote hii. Lakini kuna mwaka alikosea, akasema mbele za watu kwamba amekosea, na habari hiyo naijua kuliko mtu yeyote kwa sababu nilikuwepo, na mbuzi wangu alikuwepo.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Mikumi, upande wa reli inayotoka Kilosa kwenda Kidatu. Zahanati yetu ilikuwa vyumba viwili na baraza, na Regina alikuwa mhudumu wa afya pale. Hakuwa nesi. Alizaliwa milimani Mamboya, akamaliza darasa la saba, akapata mafunzo ya miezi mitatu Kilosa, basi. Watu walimwita nesi, naye sikuwahi kumsikia akiwasahihisha.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Sisi tuliokuwa tumepanga foleni ya sabuni tangu alfajiri tukaamka tukakuta sabuni za aina nne dukani kwa Vitalis. Mitumba ikaingia, redio zikaingia, na saa za plastiki zikaingia za kila rangi. Kila kijana alikuwa na saa mkononi, na kila saa ilikuwa na mambo yake. Ukiuliza saa ngapi kwenye harusi unapata majibu matano. Regina alizidharau. Alisema hizo nazo zimepewa ruksa, kila moja inakwenda inavyotaka.

Ng'ambo ya reli, kwenye mbuga, ndiko yalikuwa maboma ya wafugaji. Boma moja lilikuwa la mzee Sapit na mkewe Nalangu, na binti yao aliitwa Naishorua. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mwenye shingo ya kuvalishwa shanga, na alikuwa na kifafa tangu akiwa wa miaka saba.

Wasiokijua kifafa hawajui kinavyomla mtu hata siku ambazo haanguki. Naishorua alikuwa na kikombe chake peke yake na bakuli lake peke yake. Hakuruhusiwa kukaa karibu na moto wala kwenda mtoni. Wasichana wenzake walikuwa wakibeba maziwa kwenye vibuyu asubuhi kwenda kuuza Mikumi, barabarani kule mabasi yanakosimama, na jioni walirudi wakicheka habari za mjini. Yeye alibaki bomani na watoto wa mbuzi. Watu wa hapa, wafugaji na sisi wakulima sawasawa, tuliamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa na wewe umekwisha.

Nasema tuliamini, na mimi nimo. Siku moja Regina alinivuta niende naye bomani kumsindikiza. Naishorua akaja na kibuyu, akanimiminia maziwa kwenye kikombe, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikasema ahsante mwanangu, nimeshiba. Sikuwa nimeshiba, nilikuwa nimetembea saa nzima juani na tumbo langu linalia. Msichana aliyanywa mwenyewe taratibu, akinitazama juu ya ukingo wa kikombe, na mimi nikajifanya naangalia ndama.

Njiani kurudi Regina alinisema mpaka masikio yakaniuma. Nami nilimjibu vibaya, kwa sababu mtu aliyekosa huwa na mdomo mrefu.

Dawa Naishorua aliianza mwaka uliofuata, masika. Regina ndiye aliyembembeleza mzee Sapit mpaka akakubali binti apelekwe hospitali Kilosa, na daktari akaandika vidonge vitatu kwa siku: asubuhi, alasiri, usiku. Kila mwezi Regina alivifuata mwenyewe. Sapit alikubali kwa sharti, na sharti lenyewe alilisema mbele ya wazee wenzake, kwa hiyo lilikuwa kama limeandikwa.

"Kutoka mvua mpaka mvua," alisema. "Asipoanguka mwaka mzima, atakwenda Mikumi na maziwa kama wenzake, na atapika jikoni kwa mama yake. Akianguka, basi. Nitampeleka kwa bibi yake Kiteto akakae huko. Huko hakuna wa kumcheka."

Huko hakukuwa na wa kumcheka, ndiyo, na wala hakukuwa na zahanati, wala mama yake. Nalangu alikuwa amezaa watoto watano na wawili tu ndio walikuwa hai. Alimsikiliza mumewe akiwa ameinamisha kichwa, na tangu siku ile vile vidonge alivilinda kuliko macho yake.

Sasa, kidonge cha asubuhi hakikuwa na shida, kilikwenda na kukamua. Cha usiku kilikwenda na ng'ombe kuingia zizini. Cha katikati ndicho kilichokuwa hakina ng'ombe. Sisi tungesema mpe baada ya chakula cha mchana, lakini wao hawali mchana, wanakula asubuhi na usiku. Mwanzo Regina alinunua saa ya plastiki kwa Vitalis, nyekundu, akaweka nukta ya rangi ya kucha pale mshale mfupi unapofika saa tisa. Ilidumu wiki tatu. Nalangu aliendelea kuivaa kwa ajili ya urembo, nayo ilimpendeza.

Basi mwezi wa saba, kwenye baridi, Regina aliazima kwa Vitalis saa yake mwenyewe, ile nzuri, akaenda bomani akashindilia fimbo ya kimo cha kiuno katikati ya uwanja. Akakaa. Ilipofika saa tisa kamili alichukua jiwe jeupe akaliweka pale kichwa cha kivuli kilipofika. Mimi nilikuwepo, na maneno aliyosema nayakumbuka, maana aliyasema kwa ile sauti yake ya kufundisha.

"Nalangu, nisikilize vizuri. Usimpe kabla kivuli hakijagusa jiwe. Ukiwahi, vidonge vitapandana mwilini, utamuumiza mtoto. Mpaka kiguse jiwe. Umenisikia?"

"Nimesikia, nesi," alisema Nalangu.

Naye Nalangu akisema amesikia, amesikia.

Mwezi wa saba ukapita, wa nane, wa tisa. Naishorua hakuanguka. Alinenepa. Nilimwona siku moja akikimbiza mbuzi, akicheka kwa sauti, na Regina akatembea kijijini wiki nzima kama mtu aliyechaguliwa kuwa diwani. Kila aliyekuja zahanati, hata mwenye kidonda cha mguu, alipewa habari za jiwe la saa tisa. Akasema jua halihitaji betri. Akasema hata Mamboya walipokuwa watoto walijua saa bila saa. Nikamwambia wifi, usicheze ngoma kabla haijapigwa. Akanisonya.

Mwezi wa kumi, joto lilipoanza kuchoma, mzee Sapit alikuja zahanati asubuhi peke yake. Nilikuwa barazani nauza maandazi yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaingia ndani. Alitoa kopo la vidonge kwenye shuka lake akaliweka mezani.

"Ameanguka," alisema. "Jana, na leo kabla ya jua kutoka. Jana ameungua mkono kwenye majivu. Dawa yako imeshindwa, nesi. Mwezi ukiandama tunakwenda Kiteto."

Regina alisema pole mzee, akauliza habari za mkono, kisha akalifungua kopo akamwaga vidonge juu ya meza. Nilimwona anahesabu kwa kidole, midomo inatembea. Akahesabu tena. Akainua uso na nikajua kuna mtu atapata tabu, kwa sababu uso ule naufahamu.

"Vimebaki vingi," alisema. "Mzee, dawa haikushindwa. Mtoto hakupewa dawa."

Mwandamo ulikuwa umebaki siku tisa. Hakusubiri hata kufunga zahanati vizuri. Alinikabidhi funguo, kisha akabadili mawazo akaniambia nije naye, na tukaenda mbugani mguu kwa mguu nyuma ya mzee, jua limeshapanda. Njia nzima Regina alikuwa anachemka. Alisema unamfundisha mtu, unamwekea jiwe, unasafiri kila mwezi mpaka Kilosa kwenye behewa lililojaa, halafu mama mzima anashindwa kumpa mtoto kidonge.

Nalangu alikuwa amekaa mlangoni, Naishorua amelala kichwa mapajani mwake, mkono umefungwa kitambaa. Regina hakungoja salamu iishe.

"Umeacha kumpa kidonge cha alasiri. Kwa nini? Umenidanganya miezi yote hii?"

Nalangu alimtazama. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha.

"Ulisema mpaka kivuli kiguse jiwe," alisema. "Nimekaa hapa kila siku. Siku ya kwanza kilipita karibu, nikampa. Siku nyingine kikapita mbali kidogo, nikaogopa. Sasa hakigusi. Nakaa mpaka ng'ombe wanarudi, hakigusi. Ulisema nikiwahi nitamuumiza. Kaa, nesi. Uone mwenyewe."

Tukakaa. Ilikuwa kwenye saa sita. Jua lilikuja juu ya utosi kabisa na nikaona kitu ambacho nimeishi nacho maisha yangu yote bila kukitazama: ile fimbo ilimeza kivuli chake. Haikubaki hata alama ya kidole. Halafu kivuli kikaanza kutoka upande wa mashariki, kidogo kidogo, kikarefuka. Jiwe jeupe lilikuwa pale pale lilipowekwa wakati wa baridi, upande wa kusini. Kivuli kilinyooka kuelekea mashariki, kikapita mbali na jiwe, hatua nzima, kikaenda zake. Ungekaa mpaka kesho kisingegeuka.

Wazee wawili waliokuwa na Sapit walisogea, wakatazama jiwe, wakamtazama Regina. Mimi nilijua kilichokuwa kichwani mwake, maana kilikuwa kichwani mwangu pia. Wakati wa baridi jua linakaa upande wa kaskazini, na kivuli kinaanguka kusini. Wakati wa joto linahamia. Hata mtoto anajua, ukimuuliza kwa nini baraza ambayo ina kivuli mwezi wa saba inachomwa na jua Krismasi. Sisi wote tulijua, na hakuna aliyekumbuka, wa kwanza akiwa mwenye jiwe.

Ningekuwa mimi, ningesema jua limebadilika mwaka huu. Nasema ukweli wangu. Angepata wa kumwamini, maana watu walikuwa wakisema kila kitu kimebadilika.

Regina alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaenda mpaka mbele ya mzee Sapit.

"Mzee, kosa ni langu," alisema. "Mama huyu amefanya nilivyomwambia, neno kwa neno. Mimi ndiye niliyeweka jiwe bila kufikiri kwamba jua linahama. Dawa haikushindwa na Nalangu hakukosa. Mimi nimekosa." Kisha akamgeukia Nalangu. "Nimekuja kwako na matusi. Nisamehe, mama Naishorua."

Nilijisikia kulia, mimi ambaye nilikuwa nimengoja miaka kumi kumsikia akisema neno lile.

Sapit aliegemea fimbo yake.

"Miaka saba nimekwenda kwa watu wa dawa," alisema. "Handeni nimekwenda. Dodoma nimekwenda. Wote waliniambia kosa ni la mke wangu, au la mama yangu, au ni langu, au la jirani mwenye jicho baya. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kosa ni lake." Akatema mate pembeni. "Tafuta alama nyingine. Mwezi ukiandama na hujaipata, nakwenda Kiteto. Ukiipata, tutahesabu mwaka upya."

Siku zile tisa nyumba yetu ilikuwa ya taabu. Regina alimwomba Nalangu ampe mtoto kidonge cha alasiri kwa kukisia tu, ndama wanapoanza kulilia mama zao, lakini wote wawili walijua kukisia hakutamridhisha mzee. Akija kwetu jioni alikuwa hali. Alichora chini kwa kijiti. Alisema ataweka mawe kumi na mawili, moja kwa kila mwezi. Nikamwambia na Nalangu atajuaje jiwe gani ni la mwezi gani, utampelekea na kalenda? Akasema nyamaza. Nikanyamaza, lakini swali lilibaki limekaa.

Siku ya tano ndipo mbuzi wangu alipoingia. Mbuzi huyu alikuwa jike mweusi, mlafi, alishakula mchicha wangu mara mbili, kwa hiyo nilikuwa nimemfunga kwa kamba kwenye kigingi kirefu nyuma ya nyumba. Alikuwa amekula majani yote mpaka kamba ilipoishia. Watu husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na miaka ile tulilisema sana, tukiwa na maana ya wakubwa. Regina alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa anamtazama tu yule mbuzi, na mimi napepeta mchele. Nikamwona anasimama.

"Wifi," alisema, "njoo hapa."

"Nina kazi."

"Marselina, njoo."

Nikaenda. Pale chini palikuwa na duara la udongo mtupu, limekatwa safi kama ukingo wa sinia, na nje yake majani. Kigingi kilikuwa katikati.

"Mbuzi akienda kusini," alisema Regina, "anafika wapi?"

"Mwisho wa kamba."

"Akienda mashariki?"

"Mwisho wa kamba. Wifi, unaumwa?"

Hakuwa anaumwa. Alianza kucheka, akashika kiuno, akacheka mpaka mbuzi akashtuka. Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa nalo tangu akiwa na miaka minane. Mamboya, wakienda shule kwa mguu, walikuwa wakipima kivuli chao wenyewe kwa nyayo. Nyayo kumi, mna muda wa kuchezea njiani. Nyayo sita, kimbieni, fimbo zinawasubiri. Na hawakuwahi hata siku moja kuuliza kivuli kimeelekea wapi. Waliuliza urefu tu.

"Nilikuwa najua," alisema akifuta macho. "Nilikuwa najua tangu mtoto, nikaenda kuweka jiwe moja upande mmoja kama mtu asiye na akili."

Kesho yake alichukua fimbo na kamba ya urefu ule ule wa fimbo, akachora duara nyuma ya zahanati, akamtuma mtu asikilize redio dukani kwa Vitalis. Kivuli kilikuwa nje ya duara asubuhi, kikaingia ndani kadiri jua lilivyopanda, kikashinda humo, na alasiri kichwa chake kikatoka tena. Kilipotoka, redio ilikuwa imetoka kusema saa tisa. Siku ya pili vilevile. Alijua itateleza kidogo kati ya baridi na joto, robo saa, pengine nusu. Kidonge hakijali nusu saa.

Siku moja kabla ya mwandamo tulikuwa bomani. Wazee walikuwepo. Regina hakuchora yeye. Alimwambia Nalangu alete ule ukanda wa ngozi anaofungia miguu ya ng'ombe wakati wa kukamua. Nalangu aliukata urefu wa fimbo, akaufunga kwenye fimbo, akaushika ncha, akazunguka nyuma nyuma ameinama, anachora kwa kidole udongoni. Alipomaliza alisimama akatazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Hili ni boma," alisema.

Ndivyo lilivyokuwa, boma dogo. Naishorua, mkono bado umefungwa, akaokota mawe akayapanga kufuata mstari mpaka likazungukwa lote. Tukangoja. Alasiri kivuli kilipofika ukingoni yeye ndiye aliyesema, "Kinatoka," akaenda mwenyewe kuchukua kidonge. Mzee Sapit aliinama akatazama karibu, akazunguka duara lote kwa miguu yake mpaka akarudi alipoanzia.

"Mwaka mmoja," alisema. "Kuanzia leo."

Mwaka ni mrefu ukiuhesabu hivyo. Regina alikwenda mbugani kila wiki, kwa visingizio. Mara chanjo, mara kikohozi cha bibi fulani, na mimi nilijua anakwenda kuangalia duara. Mwezi wa tatu ulipoingia Nalangu alimtuma mtu mbio: nesi, kivuli kimehama tena, kimerudi upande wa zamani. Regina aliacha sufuria jikoni ikaungua. Tulipofika tulimkuta Nalangu amesimama kando ya mawe, uso umemkauka, na kivuli kinatoka taratibu upande wa kusini, kwenye jiwe ambalo hakikuwa kimelipitia tangu duara lipangwe.

"Kimetoka?" aliuliza Regina.

"Kimetoka," alisema Nalangu.

"Basi mpe."

"Nimeshampa." Akapumua. "Nilitaka tu uwepo."

Zikaja siku za masika, mawingu wiki nzima, hakuna jua wala kivuli. Siku hizo walitumia ndama. Nalangu aliwachunguza tangu jua likiwepo, akajua kwamba kivuli kikitoka kwenye duara ndama wa kwanza wanakuwa wameshaanza kulia, na alimfundisha binti yake hivyo. Regina akaliandika hilo kwenye daftari lake, na mara hii hakusema kwamba alikuwa akilijua.

Mwezi wa kumi ulirudi na joto lake. Ikafika siku ambayo fimbo inameza kivuli, zikapita siku nane, tisa, na mwaka ukatimia. Naishorua hakuwa ameanguka hata mara moja.

Siku ile ya kwanza ya yeye kwenda na maziwa, mimi nilikuwa Mikumi nauza maandazi, kandokando ya barabara ya malori. Regina alikataa kuja. Alisema ana kazi zahanati, na mimi nilijua anaogopa. Wasichana wa mbugani walifika asubuhi na vibuyu vyao, Naishorua katikati yao, shanga mpya shingoni, anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Walikaa upande wa pili wa barabara. Nilimwona anauza. Nilimwona anarudisha chenji. Nilimwona anacheka na mpiga debe wa mabasi mpaka nikataka kwenda kumtia yule kijana adabu.

Walipomaliza kuuza walikaa kungoja jua lipungue ndio waanze safari ya kurudi. Alasiri nikamwona Naishorua anasimama. Alichukua kijiti chake cha kufukuzia mbwa, akakisimika pembeni mwa barabara, mbele za watu. Akafungua ukanda wa ngozi kiunoni, urefu sawasawa na kijiti, akazunguka ameinama akachora duara vumbini. Wachuuzi wakaanza kutazama. Mmoja akauliza anafanya uganga gani pale. Wasichana wenzake walimwambia kwa lugha yao kitu nilichokielewa bila kukielewa: jifiche, nenda nyuma ya duka ukanywe huko.

Hakujificha. Alisimama na kopo lake mkononi, akangoja, akitazama chini. Kivuli kilipovuka mstari alitoa kidonge, akakiweka kinywani, akamimina maziwa yaliyobaki kwenye kikombe chake, akanywa. Yule mchuuzi akauliza tena, hiyo ni dawa ya nini.

"Ya kifafa," alisema Naishorua, kwa Kiswahili safi, kwa sauti ya kawaida.

Watu wawili walisogea nyuma. Niliona uso wake, na niliujua uso ule, ndio ule alionitazama nao juu ya ukingo wa kikombe siku ile niliyosema nimeshiba.

Nikayaacha maandazi yangu wazi, wenye kuiba waibe. Nikavuka barabara.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Yamebaki maziwa?"

Akatikisa kibuyu, akasikiliza. "Kidogo. Lakini sina kikombe kingine."

"Kwani hicho kimetoboka?" nikasema. "Nimiminie. Nina kiu tangu mwaka juzi."

Akamimina, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikayanywa yote, pale pale, watu wakitazama, na yalikuwa yamepata moto wa jua na yana harufu ya moshi wa kibuyu.